Juu ya Watumishi wa Serikali na Zawadi za Shukrani



Katika sharika zetu wamo watu wengi walioandikwa kazi na serikali: walimu wa shule, wauguzi, makarani wa mahakama, askari polisi, watendaji wa vijiji, mabwana shamba, na wengine. Siku ya Jumapili twaketi nao katika benchi moja, na siku ya Jumatatu twasimama mbele ya meza zao tukitaka barua, dawa, muhuri au haki. Mwezi huu twataka kujifunza habari za kazi yao, yaani mambo yawapasayo na mambo waliyokatazwa. Lakini hatutaanza na sheria. Tutaanza na shauri moja baya tulilolitoa sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita mkunga wa zahanati ya serikali iliyo karibu na kanisa letu alikuja kwetu jioni. Alichukua kikapu, na ndani yake mlikuwa na jogoo aliyefungwa miguu. Akasema, “Baba Mchungaji, mzee mmoja ameniletea jogoo huyu, kwa kuwa mkaza mwanawe alijifungua salama mikononi mwangu wiki iliyopita. Mimi sikumwomba kitu. Tena mtoto amekwisha kuzaliwa, wala siwezi kumfanyia mzee upendeleo wowote sasa. Je, nipokee au nirudishe?”

Tukamjibu mara moja, bila hata kumwambia aketi tufikiri pamoja. Tukasema, “Mama, pokea. Rushwa hutangulia kazi, na shukrani hufuata kazi. Ukimrudishia mzee jogoo wake utamvunjia heshima mbele ya jirani zake.” Jibu hili lilitupendeza sana. Twakiri kwamba tulilirudia mara mbili katika mafundisho ya kipaimara, ili vijana nao wapate kulishika.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ikapita. Mwanamke mmoja wa kitongoji cha mbali, mke wa kibarua wa mashamba ya chai, alishikwa na uchungu usiku, akajifungua nyumbani kwa msaada wa mama mkwe wake. Damu ikamtoka nyingi mno. Alfajiri vijana wakamchukua kwa kitanda hata zahanati, na kutoka huko gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya. Ashukuriwe Mungu, yeye alipona na mtoto pia. Tulipokwenda kumtazama tukamwuliza, “Mama, mbona hukwenda zahanati mapema, nawe wajua njia ni ndefu?” Akatazama chini, akasema, “Sikuwa na kuku, Baba.”

Hatukuelewa maneno hayo. Ndipo mama mkwe wake akatueleza, kama mtu amwelezavyo mgeni desturi ya nchi, kwamba kila mwenye mimba hutafuta kwanza kuku wa mkunga, na asiye na kuku huona haya kwenda, asije akaonekana kuwa mtu asiye na shukrani. Wao walikuwa wakimlea kuku mmoja, lakini kicheche alimla.

Basi, twawaomba wasomaji wakumbuke jambo hili: mkunga yule hakuwa amemwomba mtu awaye yote hata yai moja. Wala hapana aliyetangaza bei. Sera ya afya ya nchi hii yataka wajawazito wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali, na tangazo la habari hiyo lilikuwa limebandikwa ukutani pale pale. Ikawaje, basi? Tulipouliza nyumba kwa nyumba tuliona jinsi mambo yalivyokwenda. Mzee alileta jogoo wake juma moja baada ya mtoto kuzaliwa. Jirani yake, aliyeyaona hayo, akaleta kuku wake siku ya pili. Wa tatu, kwa kuwa akaa mbali na hakutaka kurudi njia ile ndefu, akaja na kuku siku ile ile ya uchungu. Wa nne akampeleka kabla, ili asisahauliwe. Hivyo kuku alitoka nyuma ya kazi akaenda mbele ya kazi, na hapana mtu aliyemwona akivuka. Na lile neno letu zuri, kwamba rushwa hutangulia na shukrani hufuata, halikumsaidia mtu.

Hapo ndipo tulipoanza kuzitafuta kanuni zenyewe na kuzisoma, jambo ambalo lilitupasa kulifanya kabla ya kutoa shauri.

Kazi ya mtumishi wa serikali katika Tanzania yaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Na. 8 ya mwaka 2002. Chini ya sheria hiyo zilitolewa mwaka 2005 kanuni za maadili ya utendaji, ambazo zahusu watumishi wote, wakubwa kwa wadogo. Kanuni hizo zina mambo makuu manane: kutoa huduma bora, kuitii serikali iliyoko madarakani, kufanya kazi kwa bidii, kuhudumia bila upendeleo, kuwa mwadilifu, kuwajibika kwa umma, kuiheshimu sheria, na kuzitumia vema habari ambazo mtumishi azipata kwa ajili ya kazi yake. Hatuna nafasi ya kuyaeleza yote. Mengine yaeleweka kwa urahisi: karani ajaye saa tatu na kuondoka saa sita, huku mshahara wake ni wa siku nzima, hahitaji mchungaji wa kumwambia kwamba ameiba saa. Na muuguzi asimuliaye kisimani ugonjwa wa mtu ameitoa siri isiyokuwa yake.

Lakini lile neno la kuhudumia bila upendeleo ndilo lililotuchoma. Tulikuwa tukilifahamu kwa maana ya kutobagua kabila, dini au chama, na kweli lina maana hiyo. Hatukuwaza kwamba kuku pia aweza kuwa ubaguzi. Twaona kwamba mtumishi akatazwa zawadi si kwa sababu zawadi ni kitu kiovu, maana watu wa kwetu tumelelewa katika zawadi, na mgeni hatoki nyumbani mwetu mikono mitupu. Akatazwa kwa sababu huyu aletaye si peke yake. Nyuma yake amesimama mwingine asiye na cha kuleta, naye aangalia.

Watu wengi hudhani kwamba rushwa ni jambo la watu wawili, mtoaji na mpokeaji, na ya kuwa wakipatana kwa hiari hapana aliyedhulumiwa. Sisi wenyewe tulipata kufanya hivyo zamani katika ofisi moja, tulipotaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu. Tulitia noti katika karatasi zetu, nasi tukaitwa mbele. Tulipotoka nje na cheti tulipita karibu na mama mmoja mzee tuliyemkuta pale asubuhi akingoja, naye alikuwa bado angoja. Hatukumchukulia fedha yake hata senti. Zamu yake ndiyo tuliyoichukua, na yule karani ndiye aliyetuuzia, hali haikuwa mali yake. Tangu habari ya kuku tumemkumbuka mama yule mara nyingi kuliko tupendavyo.

Sheria nayo yaona vivyo hivyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, ambayo ndiyo iliyoiweka TAKUKURU kwa jina lake la sasa, humtia hatiani atoaye kama amtiavyo apokeaye. Tena sheria hiyo yataja wazi dhambi ya mkubwa atakaye mwili wa mtu ndipo ampe kazi, cheo au haki yake. Jambo hilo watu hulinong'ona tu, na wasichana hulia peke yao. Wazazi na wajue kwamba ni kosa la jinai, wala si aibu ya binti. Na mwenye habari aweza kuwaita TAKUKURU kwa simu namba 113 bila kulipa.

Wengine watasema, “Mchungaji, mishahara ni midogo. Mtu atakulaje?” Neno hili si la kudharauliwa. Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliweka tume ya kuchunguza habari za rushwa, chini ya Jaji Joseph Warioba aliyekuwa Waziri Mkuu hapo kwanza, nayo tume ilitenga wapokeaji wa namna mbili: wale wadogo wajazao pengo la mshahara usiotosha, na wale wakubwa ambao wanacho tayari lakini hawatosheki. Tume haikuwahesabia haki wa kwanza, lakini haikusema kwamba ni sawasawa na wa pili. Twaona kwamba ilihukumu vema. Mshahara mdogo ni jambo la kudai kwa mwajiri, kwa njia ya chama cha wafanyakazi na kwa maneno ya wazi, na sisi tulio nje yafaa tuwasaidie kulidai. Lakini pengo la mshahara wa mkunga halijazwi na mke wa kibarua. Wasomaji wa Injili ya Luka wakumbuka kwamba watoza ushuru na askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi ya serikali. Aliwakataza kutoza zaidi ya ile iliyoamriwa, na hao askari akawaambia pia habari ya mshahara wao. Alijua, basi, kwamba mambo haya mawili hukaa pamoja.

Habari za viongozi ni kubwa zaidi, nazo tutazipitia upesi, maana wengi wa wasomaji wetu si mawaziri. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 viongozi wa TANU na wa serikali, pamoja na watumishi wa vyeo vya kati na vya juu, walikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa wakurugenzi katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar, katika mkutano wa chama. Baadaye, mwaka 1995, ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13, na Sekretarieti ya Maadili imetajwa katika Katiba yenyewe, ibara ya 132. Kwa sheria hiyo kiongozi hakatazwi kuwa na mali, bali hutakiwa kuitaja kwa maandishi, ya kwake na ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo, aingiapo kazini, na kila mwisho wa mwaka, na atokapo. Wengine waona kwamba kanuni imelegea tangu siku za Azimio; sisi twaona kwamba hata kuandika mali yote kwa ukweli ni kazi ngumu kwa mtu mwenye ya kuficha. Nabii Samweli alifanya jambo la namna hiyo alipokuwa mzee: alisimama mbele ya watu wote akawauliza kama alipata kumchukulia mtu ng'ombe au punda, au kupokea kitu cha kumpofusha macho. Hakungoja kuulizwa.

Turudi kwa zawadi, maana hapo ndipo maneno yetu wenyewe hutudanganya. Neno hongo kwa asili halikuwa neno la aibu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi, hasa katika Ugogo, kwa nguo na shanga na nyaya za shaba, ili ipate ruhusa ya kupita na kuteka maji. Ilikuwa kama ushuru: mtemi alipokea mchana mbele ya watu, na kila mtu alijua. Leo neno lile lile ni la kitu kinachopita chini ya meza. Kutoka huku hata huko ni njia ndefu, nayo ilipitwa kidogo kidogo, kama kuku wetu alivyopita. Hata mithali isemayo kwamba penye udhia penyeza rupia ingali hai vinywani mwa watu, ingawa miaka mia moja na zaidi imepita tangu rupia iache kutumika katika nchi hii. Fedha imebadilika, na desturi imebaki. Siku hizi wasema “ya soda”, “ya maji”, “ya vocha”, nayo huenda kwa simu, wala meza haitakiwi tena.

Tena lipo neno takrima. Kwa Kiswahili chema maana yake ni ukarimu na heshima apewayo mgeni, nalo ni neno la kupendeza. Lakini mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikamruhusu mgombea kuwapa wapiga kura takrima, kwa maelezo kwamba ndiyo desturi yetu ya ukarimu. Mashirika ya kutetea haki yalilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikaamua kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba. Sababu kubwa ilikuwa hii, kwamba takrima huwatenga mgombea tajiri na mgombea maskini, wasiwe sawa mbele ya sheria. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka mke wa kibarua. Majaji walikuwa wakisema habari za uchaguzi, lakini jambo lao na jambo lake ni moja: mahali ambapo watu wote wapaswa kuwa sawa, ukarimu wa mwenye nacho humsukuma nje asiye nacho.

Sasa twataka kusema neno juu ya kanisa, nalo si rahisi kulisema. Mwaka tulipojenga nyumba ya vijana tulihitaji mchanga, na mchanga ulikuwa mtoni, mbali. Mmoja wa washarika wetu ni dereva wa lori la halmashauri. Wazee wa kanisa walimwendea, nasi tulikuwa pamoja nao, wakamwambia, “Jumamosi lori limesimama tu. Mafuta tutatia sisi. Ni nyumba ya Mungu.” Dereva akajibu kwa heshima kwamba lori lina kitabu, na katika kitabu hicho kila safari huandikwa, kutoka wapi mpaka wapi na kwa kazi gani. Akauliza, “Wazee wangu, Jumamosi niandike nini?” Mzee mmoja akasema, “Usiandike.”

Hapo dereva alitutazama sisi. Wala hatukusema neno. Tulitazama mlangoni, kana kwamba mtu alikuwa akibisha hodi.

Alikataa, nao wazee wakaondoka wamekasirika. Wengine walisema kwamba amekuwa mtu wa majivuno tangu apate kazi, na Jumapili mbili hapana aliyemwomba kusoma somo kanisani. Mchanga ukaletwa kwa lori la kukodi baada ya miezi miwili, kwa fedha iliyochangwa. Tumemwomba radhi dereva yule, lakini tulimwomba faraghani, hali aibu aliipata mbele ya watu. Basi, kwa kuwa gazeti hili husomwa katika usharika wetu, na lisomwe hili pia.

Na tena kuna habari ya mgeni rasmi. Tukiwa na harambee humwalika mkubwa fulani wa wilaya, tukamweka mbele, na msemaji akatangaza kwa sauti kuu mchango wake, na watu wakapiga vigelegele kwa kadiri ya tarakimu. Asiyetoa nyingi husemwa njiani. Mshahara wa mtumishi hujulikana, au hukisiwa bila shida. Akitoa siku moja mshahara wa miezi mitano, nasi tukapiga vigelegele bila kujiuliza, twamfundisha nini? Hatusemi kwamba kila atoaye kwa wingi ameiba. Wako wenye mashamba na ng'ombe, wako waliojinyima kwa muda mrefu. Lakini twasema kwamba sisi hatupendi kuuliza, na kwamba hatupendi kuuliza kwa sababu twataka mabati. Kama usharika wako una bidii ya kulaani rushwa mimbarani, tazama kwanza orodha ya wageni rasmi wako na sababu ya kuwachagua.

Habari ya ndugu ni karibu na hii. Mtu apatapo kazi serikalini ukoo wote husema, “Tumepata.” Ada yake ya shule yawezekana ilitoka kwa ng'ombe wa baba mdogo, na sasa baba mdogo aja na barua ya mwanawe atafutaye kazi. Deni hilo ni la kweli, na mtu asiyelijua hana adabu. Lakini na alilipe kwa mshahara wake, si kwa kiti cha ofisi. Baba mdogo hakuwasomesha watu wa wilaya nzima, hata wao wamlipe kwa nafasi ya watoto wao. Twajua kwamba ni vigumu kumwambia mzee maneno hayo machoni pake; ndiyo sababu yafaa yasemwe mapema, siku ile kijana aagwapo kwenda kazini, na wakubwa wa ukoo wakiwapo.

Neno moja la msaada kwa wale waogopao kila malipo. Si kila fedha itakiwayo ofisini ni rushwa. Ada halali imeandikwa, nayo kwa kawaida hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na mlipaji hupata stakabadhi. Basi, ukiambiwa kulipa, uliza kwa upole: “Naomba namba ya malipo.” Maneno haya hayamtukani mtu. Mtumishi mwema atakupa bila kuchukia, na mwingine huenda akakumbuka ghafula kwamba huduma hiyo haina malipo.

Twabakiwa na habari ya mkunga. Tulipotoka kwa mke wa kibarua tulikwenda kwake moja kwa moja, tukamwambia yaliyompata yule mama, na ya kuwa shauri letu lilikuwa baya. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Baba Mchungaji, siku ile nilikuja kwako na kikapu kwa sababu moyo wangu ulikuwa umekwisha kukataa. Nilitaka uniambie nirudishe, nipate nguvu ya kumwambia mzee.” Hatukuwa na jibu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama mwenyewe. Hakumtaja mtu. Alisema kwamba mshahara wake hulipwa na serikali, kwa fedha ya watu wote, hata ya wale wasiofuga kuku. Kwamba tangu siku hiyo hatapokea kitu chochote, kabla wala baada. Na ya kuwa atakaye kushukuru na alete mwanawe apimwe uzito kila mwezi pasipo kukosa. Kisha akafunga safari mwenyewe kwenda kile kitongoji cha mbali, akaketi na mama mkwe, akayarudia maneno yale yale huko, maana alijua kwamba watu wa huko hawakuwapo kanisani.

Wengine walichukizwa. Mwanamke mmoja mwenye mali alisema kwamba mkunga amedharau mikono ya watu. Mzee mwenye jogoo, ambaye ndiye mwanzo wa habari yote pasipo kosa lake, alikuja kwetu akilalamika. “Mimi nilifanya ubaya gani? Nilimpenda mkunga, nikamletea jogoo.” Tukamwambia kwamba hakufanya ubaya, na ya kuwa hata hivyo jogoo wake alimgharimu mtu mwingine damu. Akatafakari, akauliza kama aweza kumwalika mkunga nyumbani kwake siku ya ubatizo wa mjukuu, pamoja na jirani wote, ale kama wengine wanavyokula. Swali hilo tulilipeleka kwa mkunga, kwa kuwa tulikwisha kujifunza kutokujibu upesi. Alikubali. Alikuja, akala wali na nyama kama watu wote, akaondoka mikono mitupu.

Walimu na wainjilisti watakaolisoma somo hili pamoja na washarika wao twawaomba wasihutubu sana, bali wawape watu nafasi ya kusema. Na waulize kwanza: katika kijiji hiki, ni huduma gani ya serikali ambayo watu huiogopa kwa sababu hawana cha kupeleka? Kisha na waulize, bila kutaja majina, ni nani aliyeianza desturi hiyo, mpokeaji au mtoaji. Na kama wamo watumishi wa serikali katika kundi, na waulizwe wao: ni wakati gani usharika huu ulifanya kazi yenu kuwa ngumu? Swali hili la mwisho sisi tulipoliuliza kwetu, nyumba ilikaa kimya kwa kitambo, na wa kwanza kuinua mkono alikuwa dereva.